Kitunguu, bitiruti, kiazi, yai au neli ya Visking: jaribio lipi linaonyesha utando wa seli kweli?

Somo la utando wa seli likifika, majaribio ni yaleyale matano: ngozi ya kitunguu chekundu chini ya hadubini, bitiruti kwenye maji ya moto, vipande vya kiazi kwenye maji ya sukari, yai lililovuliwa ganda kwa siki, na neli ya Visking (bomba laini la selulosi) iliyojazwa wanga. Yote huitwa "jaribio la utando", na hapo ndipo mambo yanapochanganyika, kwa sababu mawili ya mwisho hayapimi utando wa seli hata kidogo. Si majaribio mabaya, yana kazi yake. Lakini anayeyachagua bila kulijua hilo atafundisha kwamba utando ni chujio lenye vitundu, na kosa hilo likishaingia kichwani ni gumu kuling'oa.

Njia rahisi ya kuyatenga ni kuchemsha. Chemsha nyenzo dakika 5 kabla ya kuanza. Matokeo yakibaki vilevile, ulichokuwa unapima si utando wa seli. Ngozi ya kitunguu iliyochemshwa hainywei tena ikitiwa sukari, bitiruti iliyochemshwa humwaga rangi ovyo, na kiazi kilichochemshwa hakikakamai hata kikilazwa kwenye maji safi usiku kucha. Neli ya Visking ukiichemsha inaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Utando wenyewe

Unene wake ni nanomita 7 hadi 8 hivi. Kiunzi chake ni safu mbili za fosfolipidi: vichwa vinavyopenda maji vimeelekea nje na ndani ya seli, na mikia ya mafuta imejificha katikati. Wazo la safu mbili lilitoka kwa Gorter na Grendel mwaka 1925. Walitoa mafuta kwenye seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo karibu mara mbili ya uso wa seli zenyewe. Mwaka 1972 Singer na Nicolson wakaleta picha inayotumika hadi leo: safu hizo zina hali ya umajimaji, na protini zimepachikwa humo, nyingi zikiweza kusogea huku na huku ndani ya safu.

Kinachopita na kisichopita huamuliwa hasa na ile katikati ya mafuta. Oksijeni na kaboni dioksidi hujipenyeza zenyewe. Maji hupenya kidogo kidogo kwenye mafuta, na kwa wingi kupitia protini ziitwazo akwaporini, ambazo ugunduzi wake ulimpa Peter Agre sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Glukosi lazima ipitishwe na protini. Ioni ya sodiamu ni ndogo kuliko glukosi, lakini ina chaji, kwa hiyo mafuta huikataa. Haipiti mpaka ipate mlango wake au pampu. Mfano huu wa sodiamu tutaurudia kwenye neli ya Visking.

| Nyenzo | Utando wa seli upo? | Unachopata | Muda | Usichoweza kukosa |
|---|---|---|---|---|
| Kitunguu chekundu | Upo, hai | Picha ya seli ikinywea na kujaa tena | Dakika 20 | Hadubini |
| Bitiruti | Upo, na rangi huvuka tando mbili | Rangi inayovuja utando ukiharibika | Saa 1 hivi | Kipimajoto |
| Kiazi | Upo, hai | Namba na grafu | Dakika 45 na zaidi | Mizani ya gramu 0.01 |
| Yai | Haupo kwenye kinachopimwa | Kuvimba na kusinyaa | Siku 3 | Siki na subira |
| Neli ya Visking | Haupo | Utengano kwa ukubwa wa molekuli | Dakika 30 | Neli yenyewe |

Kitunguu chekundu: kama hadubini ipo, anza hapa

Katika hayo matano, hili ndilo pekee ambalo mwanafunzi anaona seli moja moja ikiitikia, tena papo hapo. Na linarudi nyuma: seli ikinywea unaweza kuirudishia maji ikajaa. Kitu kilichokufa hakifanyi hivyo.

Kata jani nene la kitunguu, lile linalofuata maganda makavu. Rangi iko kwenye ngozi ya upande wa nje, ule uliobinuka. Ngozi ya upande wa ndani hubanduka kwa urahisi zaidi lakini aghalabu haina rangi, na wengi hujikuta wanatazama seli zisizo na kitu cha kuona. Chora mraba wa milimita 5 kwa 5 kwa wembe, chomeka ncha ya kibano pembeni, vuta polepole. Ukiondoka na nyama nyeupe chini ya ngozi, tupa, jaribu tena. Kipande kinachofaa ni chembamba kiasi cha kusomeka maandishi kupitia humo.

Kilaze kwenye tone la maji juu ya slaidi, kifunike kwa kioo chembamba ukianza na ukingo mmoja ili hewa itoke. Kwa ukuzaji wa mara 100 utaona kitu kama ukuta wa matofali ya zambarau, kila tofali limejaa rangi kutoka kona hadi kona. Sasa weka tone la myeyusho wa sukari wa mol 1 kwa lita (gramu 342 za sukari katika lita moja ya myeyusho) upande mmoja wa kioo kifuniko, na upande wa pili gusisha karatasi ya chujio inyonye maji ya awali. Usiondoe jicho. Rangi huanza kuachia kwenye kona, kisha pembeni, mwisho inakuwa donge la duara lililozungukwa na nafasi nyeupe. Na donge hilo ni jeusi zaidi kuliko tofali la mwanzo, kwa sababu rangi ni ileile ila maji yamepungua. Hiyo ni plazmolisisi. Mstari wa nje wa donge ndipo utando ulipo.

Nasema ulipo kwa makusudi. Utando wenyewe huuoni. Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko nanomita 200, na utando ni nanomita 7 au 8. Unachoona ni mpaka wa kilicho ndani yake.

Ile nafasi nyeupe kati ya ukuta na utando ina nini? Wanafunzi wengi hujibu "hewa" au "utupu". Ina myeyusho wa sukari uliotoka nje. Ukuta wa seli unaupitisha bila kuuliza; utando ndio uliokataa. Swali hili moja linatosha kumpima aliyeelewa tofauti ya ukuta na utando.

Kinachoharibika mara nyingi: seli haziitikii kwa sababu ngozi ilikaa hewani ikakauka, au kwa sababu karatasi ya chujio iliwekwa upande uleule wa tone. Seli zikinywea na kukataa kurudi, myeyusho ulikuwa mkali mno au zimekaa humo muda mrefu zikafa. Chumvi ya asilimia 5 hufanya kazi haraka lakini huua upesi; sukari ni mpole zaidi.

Kwa aliyekwisha kuzoea, badilisha sukari kwa gliseroli au urea yenye ukolezi uleule. Seli zitanywea kwanza, kisha taratibu zitajaa zenyewe bila kuongezewa maji safi, kwa kuwa molekuli hizo hupenya utando polepole na maji huzifuata. Sukari haifanyi hivyo. Katika majaribio haya matano sijui namna nyingine rahisi ya kumwonyesha mtu kwamba utando unachagua.

Ukitaka namba, hesabu seli 50 katika kila ukolezi na uandike zilizonywea ni asilimia ngapi. Pale nusu ya seli zinapokuwa zimeanza kunywea ndipo myeyusho unakaribiana na ulio ndani ya seli. Kuhesabu kunachosha, na ubishi kuhusu seli iliyoachia kona moja tu hauishi. Kwa namba, kiazi ni bora.

Bitiruti: kwa swali la nini huharibu utando

Kitunguu na kiazi vinaonyesha utando mzima ukifanya kazi. Bitiruti inaonyesha utando ukishindwa. Kwa hiyo kama mada ni joto, pombe au sabuni, usihangaike na nyingine.

Rangi nyekundu ya bitiruti, betanini, imehifadhiwa ndani ya vakuoli, kifuko kikubwa cha majimaji ndani ya seli. Ina uzito wa molekuli wa 550 hivi na inapenda maji, kwa hiyo mafuta ya utando haiyavuki. Ili ifike nje lazima ivuke tando mbili: tonoplasti inayozunguka vakuoli, kisha utando wa seli. Ukuta wa nje si kizuizi. Maji ya nje yakiwa mekundu, tando zote mbili zimelegea.

Toboa mitungi myembamba kutoka kwenye bitiruti moja, isiyopikwa, kwa bomba la kutobolea la milimita 5, kisha kata vipande vya sentimita 1. Visuuze kwenye maji yanayotiririka mpaka maji yawe meupe kabisa, halafu viache dakika 10 kwenye maji masafi na umwage. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoharibu kila kitu: wembe umepasua maelfu ya seli, na rangi yake isiposuuzwa, neli ya majaribio yenye maji ya nyuzi 20 itakuwa nyekundu sawa na ya nyuzi 50.

Weka mililita 5 za maji katika kila neli ya majaribio. Ziache neli katika nyuzi 20, 30, 40, 50, 60 na 70 za Selsiasi kwa dakika 5 kabla ya kutia bitiruti. Neli ya kioo iliyotoka mezani haifikii joto la chombo papo hapo. Tia kipande kimoja kila neli, subiri dakika 30, toa vipande, tikisa neli, acha zote zipoe hadi joto moja ndipo upime.

Mwenye kolorimita, kifaa cha kupima mwanga unaomezwa na myeyusho, atumie chujio la kijani, karibu nanomita 530, kwa sababu rangi nyekundu humeza mwanga wa kijani. Sifuri ipangwe kwa maji matupu. Asiyekuwa nayo atengeneze ngazi ya rangi: maji ya bitiruti iliyosagwa na kuchujwa yawe 10, kisha punguza kwa maji kupata 8, 6, 4, 2 na 0, na linganisha kwa macho mbele ya karatasi nyeupe.

Hadi nyuzi 40 hivi rangi huwa hafifu. Kati ya 50 na 60 hupanda ghafla. Mikia ya fosfolipidi inacheza zaidi joto linapopanda, lakini kupanda huko kwa ghafla kunalingana zaidi na protini za utando kuvunjika umbo na kuacha mianya. Usishangae rangi ikififia au kuwa ya kahawia kwenye joto la juu zaidi: betanini yenyewe huharibiwa na moto. Ndiyo maana nashauri kuishia nyuzi 70. Anayefika 90 na kukuta usomaji umeshuka huandika kwamba utando "umejirekebisha", na hilo halijatokea.

Kwa pombe, badilisha joto kwa ethanoli ya asilimia 0, 10, 20, 30, 40 na 50 kwenye joto la chumba, mbali na moto. Pombe huvuruga mpangilio wa mafuta na protini pia.

Halafu kuna barafu. Kipande kilichogandishwa usiku kisha kikayeyushwa humwaga rangi nyingi, kwa sababu chembe za barafu zimepasua tando. Hicho si kipimo cha nyuzi 0. Maji ya nyuzi 0 yasiyoganda huacha utando ukiwa salama. Usiviweke viwili hivyo kwenye mstari mmoja wa grafu.

Na maelezo ya kukataa: "seli zilipasuka kwa kujaa maji." Seli ya mmea ikiwa kwenye maji safi haipasuki, ukuta wake unaizuia.

Kiazi: kwa namba safi

Ukihitaji grafu, asilimia na sehemu ambapo mstari unakata sifuri, chagua kiazi. Faida yake ni vipande vikubwa vinavyopimika. Hasara ni kwamba utando haumo machoni kabisa. Mwanafunzi anapima uzito na kuambiwa aamini.

Myeyusho wa sukari wa mol 1 ni gramu 342 za sukari katika lita moja ya myeyusho. Yeyusha sukari kwenye maji kama mililita 600, kisha jazia hadi alama ya lita. Anayemwaga gramu 342 juu ya lita nzima ya maji hupata zaidi ya lita 1.2 na ukolezi wa 0.8 badala ya 1, na grafu yake yote inahama. Kutoka hapo, kwa mililita 100 za kila ukolezi, 0.2 ni mililita 20 za myeyusho na 80 za maji, 0.4 ni 40 na 60, na kadhalika hadi 1.0. Maji matupu ndiyo 0.

Toboa vipande vyenye upana wa milimita 10 na urefu wa sentimita 5, bila ganda, vyote kutoka kiazi kimoja ikiwezekana. Kila kimoja kitakuwa na gramu 4 na kidogo. Tumia vitatu kwa kila ukolezi. Pima, tumbukiza, subiri angalau dakika 30 (saa 2 ni bora), toa, kausha, pima tena. Tofauti gawa kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100: kilichoanza na gramu 4.20 kikaishia 4.62 kimeongezeka asilimia 10.

Kukausha ndiko kunakotenganisha kazi nzuri na mbaya. Tone moja la maji lina gramu 0.05 hivi, yaani zaidi ya asilimia 1 ya kipande. Mmoja akikung'uta tu na mwingine akikamua, tofauti yao itaonekana kuwa ni osmosisi, yaani maji kupita utando kuelekea kwenye myeyusho mkali zaidi. Viringisha kila kipande mara mbili juu ya tishu, gusisha ncha zote mbili, basi, usikamue.

Mstari hukata sifuri (yaani uzito haubadiliki) mara nyingi kati ya mol 0.25 na 0.35 za sukari.  Ukitumia chumvi badala ya sukari, tarajia sifuri kwenye takribani nusu ya ukolezi huo, maana kila chembe ya chumvi hugawanyika kuwa ioni mbili. Na usiviache hadi kesho yake: bakteria huanza, maji huwa na ukungu, namba hupoteza maana.

Yai: linavutia, lakini lielezwe kwa ukweli

Yai zima huwekwa kwenye siki yenye asidi ya asilimia 5 kwa saa 24, siki hubadilishwa, kisha saa 24 nyingine mpaka ganda la kalsiamu kaboneti liyeyuke huku likitoa mapovu ya kaboni dioksidi. Linalobaki ni mpira laini unaopitisha mwanga. Ukiutia kwenye maji unavimba, ukiutia kwenye shira unasinyaa. Watoto hawalisahau.

Tatizo ni sentensi inayofuata kwa kawaida: "Yai ni seli moja kubwa na hiki ni utando wake." Hapana. Seli ni kiini cha njano, na kina utando wake mwembamba ndani kabisa. Kile kinachoshikwa mkononi ni ngozi za ganda, mbili zilizobanana, za nyuzi za protini. Unene wake ni karibu mikromita 70, mara 10,000 ya utando wa seli. Hazina safu mbili za fosfolipidi. Osmosisi ni ya kweli, kwa kuwa maji hupita na protini za ute hukwama ndani. Litumie kwa osmosisi, na useme waziwazi kwamba ngozi hiyo ni mfano tu. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika yai bichi.

Neli ya Visking

Ni selulosi yenye vitundu vya ukubwa wa nanomita chache. Weka ndani uji mwepesi wa wanga wa asilimia 1 na glukosi ya asilimia 10, funga ncha zote mbili, suuza nje vizuri, tumbukiza kwenye maji. Baada ya dakika 30 maji ya nje yatakuwa na glukosi (kitendanishi cha Benedict kikipashwa moto kitageuka rangi), na hayatakuwa na wanga (iodini itabaki njano). Iodini ikionyesha bluu nyeusi nje, neli haikusuuzwa au fundo linavuja.

Hapa ndipo sodiamu inaporudi. Tia chumvi ndani ya neli na itatoka bila shida, kwa sababu neli inaangalia ukubwa peke yake. Utando wa seli ungeizuia chumvi hiyohiyo. Kwa somo la umeng'enyaji, kwa nini wanga lazima uvunjwe kabla ya kufyonzwa, neli hii haina mpinzani. Kwa somo la utando, iwe ya kulinganishia.

Kuhusu damu: seli nyekundu hupasuka kwenye maji safi na kutulia kwenye chumvi ya asilimia 0.9, tofauti nzuri sana na seli ya mmea yenye ukuta. Lakini damu ya binadamu huleta hatari ya maambukizi, na mchoro mzuri unatosha. Tambua pia kwamba hakuna hata moja kati ya majaribio haya linaloonyesha pampu ya sodiamu na potasiamu, ile inayotoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kwa kila ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Yote yanahusu kupita bila kutumia nishati, au kuharibika.

Kwa kipindi cha dakika 80, oanisha bitiruti na kitunguu. Pasha maji kabla ya kipindi, toboa na usuuze bitiruti kwanza, vipande viingie kwenye neli kufikia dakika ya 25, kisha zile dakika 30 za kusubiri zitumike kwenye hadubini. Hifadhi kipande kimoja cha ngozi ya kitunguu na ukitie kwenye chombo cha nyuzi 70 pamoja na neli za bitiruti. Baada ya dakika 10 kitoe, kiweke kwenye slaidi na ukitilie sukari. Hakitanywea, na zambarau yake itakuwa imebaki ndani ya maji ulimokitoa.